Mgeni na Deni la Barabara

Mtu akivuka mpaka wa nchi yake huacha nyuma vitu vingi. Huacha nyumba yake, jamaa zake, na fedha ambayo thamani yake huijua bila ya kuhesabu. Sheria za kwao nazo aghalabu hubaki mpakani, maana nyingi haziwezi kumfuata ng'ambo. Swali ninalotaka tulitazame katika insha hii ni moja: je, dhamiri yake hubaki mpakani pamoja na vitu hivyo, au huvuka naye? Swali hili laweza kuonekana kubwa mno kwa jambo litakalolileta mbele yetu, yaani karatasi ya faini ya mwendo wa gari. Lakini mambo makubwa ya maadili mara nyingi hutujia yamevaa nguo ndogo. Ni wachache wetu watakaojaribiwa kwa hazina ya taifa zima. Wengi tutajaribiwa kwa kitu cha thamani ya chakula cha mchana.

Nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe, nami sikisimulii kwa kujisifu, kwani hakuna sifa kubwa ndani yake.

Nalikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Arusha. Gari halikuwa langu. Nalikuwa nimeazimwa na shemeji yangu, mfanya biashara ambaye huvuka mpaka wa Namanga kila mwezi. Pamoja nami alikuwako rafiki yangu mmoja, mtu mcheshi, mwenye methali kwa kila neno. Tulimaliza shughuli za mpakani mapema, tukashika njia iendayo kusini. Njia ile ni nzuri. Nyika imetanda kila upande, na mlima wa Longido husimama kando kama mlinzi. Mahali kama hapo mguu wa dereva huwa mzito bila ya mwenyewe kujua. Kijiji kilipotokea, kibao cha kilomita 50 kwa saa nilikiona, sikuwa kipofu. Walakini nilikiona kama mtu aonavyo wapita njia wasiomhusu, nikakipita.

Mbele kidogo askari mwenye nguo nyeupe aliinua mkono. Nilisimama.

"Habari za safari, ndugu dereva?" aliniuliza.

"Njema, afande."

"Hapa mwisho wa mwendo ni 50. Wewe umepita na 65. Tazama mwenyewe."

Alinionyesha chombo cha kupimia mwendo, na namba ilikuwa hiyo hiyo aliyoitaja. Rafiki yangu aliniinamia akaninong'oneza nimpe askari chai kidogo ili twende zetu. Sijui kama askari alisikia. Nijualo ni kuwa hakungoja kupewa kitu. Aliandika hati ya faini, shilingi 30,000 za Tanzania, akanieleza namna ya kuilipa, akanipa siku chache za kufanya hivyo. Kisha alitutakia safari njema.

Tulipoondoka rafiki yangu alicheka. "Usijisumbue, bwana," alisema. "Kesho kutwa tunarudi kwetu. Nani atakuja Nairobi kwa ajili ya karatasi hiyo? Sheria yenyewe si yetu, na hujamgonga mtu wala mbuzi. Msafiri kafiri."

Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kumkataa. Yakini, maneno yake yalinipendeza. Niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni, na moyoni nikaanza kuipa jina la takataka. Lakini maadamu safari ilikuwa ndefu, nilipata nafasi ya kuyapima maneno ya rafiki yangu, nikaona kuwa yalikuwa hoja tatu zilizofungwa kwa kamba moja. Tuifungue kamba hiyo, tuitazame kila hoja peke yake.

Hoja ya kwanza ilisema kuwa sheria ile si yetu. Mimi ni raia wa Kenya. Sikuichagua serikali ya Tanzania, sikumtuma mtu katika Bunge lake, na hakuna aliyeniuliza kama kilomita 50 zilikuwa nyingi au chache. Basi kwa nini nifungwe na neno ambalo sikulitamka?

Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Sokrate, mwenye hekima wa Athens, alihukumiwa kufa, na rafiki zake walikuwa tayari kumtorosha. Alikataa. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba sheria za mji ule ndizo zilizomlea tangu utotoni, naye kwa kukaa chini yake miaka yote alikuwa kama amekubali kuzitii. Sasa mgeni hawezi kusema hivyo. Tanzania haikunilea wala haikunisomesha. Nalikuwa ndani yake kwa muda wa saa moja tu nilipolivunja neno lake. Kama kulelewa ndiko kunakofunga, basi mimi nalikuwa huru.

Lakini tutazame barabara yenyewe. Katika saa ile moja magari mengi yalinijia kwa mbele: malori ya mizigo, mabasi, pikipiki. Kila moja lilishika upande wake wa kushoto. Hakuna dereva hata mmoja aliyenijua, wala aliyenipenda, wala aliyeniogopa. Walishika upande wao kwa sababu sheria iliwaambia hivyo, nami nilifika salama kwa sababu waliitii. Basi sheria niliyoiita si yangu ndiyo iliyoubeba uhai wangu mkononi mwake toka Namanga. Mtu anaweza kweli kula chakula cha nyumba na baadaye akasema kuwa desturi za nyumba hiyo hazimhusu?

Tena, katika jambo la upande wa kushika, hakuna anayethubutu kuitumia hoja ya rafiki yangu. Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia. Dereva wa Uganda anayeingia Rwanda hubadili upande mara anapovuka mpaka, naye hasemi, "Mimi nimezaliwa kushoto, nitakwenda kushoto." Angesema hivyo, lori la kwanza lingemjibu. Nchi yaweza hata kubadili upande wake kwa siku moja: Sweden ilitoka kushoto ikaenda kulia tarehe 3 Septemba, 1967, na tangu asubuhi ile mwenyeji na mgeni walitakiwa kufuata upande mpya. Hapa twaona kuwa nguvu ya sheria ya barabara haitoki katika damu ya mtu wala katika kura yake. Hutoka katika hali ya watu wengi kupita mahali pamoja na kutegemeana. Aliyeingia katika hali hiyo ameingia pia katika mapatano yake. Hakutia sahihi kwa kalamu. Alitia sahihi kwa magurudumu.

Hoja ya pili ilisema kuwa hakuna atakayenifuata. Hii si hoja ya haki, ni hoja ya nafasi. Haiulizi kama nadaiwa. Yauliza kama naweza kukamatwa. Walakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na historia yatuonyesha jinsi ilivyowashinda hata watu wakubwa.

Katika mji wa New York yako makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na wajumbe wa nchi za dunia huishi huko. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1961 huwapa mabalozi kinga, hata wasiweze kushtakiwa kama watu wengine. Mapatano hayo hayo husema kuwa ni wajibu wao kuziheshimu sheria za nchi waliyomo. Lakini neno la kinga lilisikiwa na wengi kuliko neno la wajibu. Kwa miaka mingi mjumbe aliyesimamisha gari mahali palipokatazwa aliweza kuitupa hati ya faini bila ya kudhurika. Wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel, walizihesabu hati hizo, wakatoa habari yake katika jarida la uchumi mwaka 2007. Tangu Novemba 1997 hadi mwisho wa mwaka 2002, hati zisizolipwa zilizidi 150,000, na deni lake lilizidi dola milioni 18.

Katika habari hiyo mna mambo mawili ya kufikiriwa. La kwanza, mwishoni mwa mwaka 2002 mji ulipata ruhusa ya kuyanyang'anya vibao vya namba magari yenye madeni, na makosa yakapungua kwa kiasi cha 98 katika kila mia. Wajumbe wale wale, katika mji ule ule, walipata kwa ghafula nafasi nzuri za kusimamisha magari yao! Kumbe kilichokosekana hakikuwa nafasi. La pili ni kubwa zaidi. Hata katika miaka ile ya kutoogopa, ziko nchi ambazo wajumbe wake hawakuacha hati isiyolipwa hata moja. Miongoni mwake zilikuwa Norway, Sweden na Japani, lakini pia Jamaika, Omani na Burkina Faso. Basi si utajiri peke yake uliowafanya watu kuwa waaminifu. Wachunguzi waliona kuwa wajumbe waliotoka katika nchi zenye rushwa nyingi aghalabu ndio walioacha madeni mengi. Mtu husafiri na tabia yake, wala hakuna afisa wa forodha awezaye kuizuia mpakani.

Nilipoikumbuka habari hiyo niliona haya, maana karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa ndugu yake zile za New York. Nikakumbuka na jambo jingine. Deni lile halikuandikwa kwa jina langu tu. Liliandikwa pia kwa namba ya gari, na gari lilikuwa la shemeji. Mwezi ujao yeye ndiye angesimamishwa. Mimi ningekuwa Nairobi, nikiitwa mwerevu, naye angesimama juani akiulizwa deni asilolijua. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi tunaposema kuwa deni limepotea. Deni halipotei; hubadili mwenye kulibeba. Na kama si shemeji, ni Mkenya mwingine yeyote ajaye nyuma yangu, ambaye atatazamwa kwa macho niliyoyafundisha mimi kumshuku mgeni.

Hoja ya tatu ilisema kuwa sikumwumiza mtu. Nilifika nayo hoja hii mpaka Arusha, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa mwenyeji wetu. Baada ya chakula cha usiku rafiki yangu alimsimulia kisa chetu kwa maneno ya kuchekesha. Mzee hakucheka wala hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mlipita pale saa ngapi?"

"Kama saa saba mchana, baba," nilijibu.

"Ndiyo saa ya watoto wadogo kutoka shule," alisema, akamwomba mkewe atuongezee chai.

Sikuwaona watoto wale. Hilo ndilo lililonisumbua usiku: sikuwaona kwa sababu sikuwa nikitazama. Hesabu za somo la fizikia, ambazo ninyi wanafunzi mnazijua, zilinirudia kitandani. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hupita kadiri ya mita 14 katika sekunde moja. Lendalo 65 hupita mita 18. Sekunde hiyo ndiyo dereva huitumia kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki. Na nguvu ya gari linapogonga haikui kwa kadiri ya mwendo, hukua kwa kadiri ya mraba wa mwendo. Hivyo 65 ni nguvu iliyozidi ile ya 50 kwa zaidi ya nusu yake. Mfupa wa mtoto hauulizi pasi ya dereva. Kusema kuwa sikumwumiza mtu kulikuwa kweli, lakini ukweli huo haukuwa kazi yangu. Ulikuwa bahati yangu, na mtu hawezi kudai sifa kwa bahati. Faini haikuwa bei ya dhara nililolitenda. Ilikuwa onyo juu ya dhara nililolichezea.

Sasa msomaji mwenye akili ataniuliza: je, kila hati ya faini ni ya haki? Je, mgeni ainamishe kichwa kwa kila karatasi? La. Chombo cha kupimia huweza kukosea, na askari ni mwanadamu. Pengine mgeni huonewa kwa kuwa ni mgeni, haijui lugha ya mahali, na ana haraka. Mtu aliyeonewa ana haki ya kusema. Na aombe kuonyeshwa kipimo. Na asome kila neno kabla ya kutia sahihi. Na akatae kutoa fedha isiyo na stakabadhi. Na apeleke shauri lake mahakamani kama njia ya kufanya hivyo ipo. Nchini Finland faini kubwa za barabarani hupimwa kwa mapato ya mkosaji, ili tajiri na maskini waone uchungu sawa. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya simu alitozwa huko euro 116,000 kwa mwendo wa pikipiki yake. Alikata rufani, akaeleza kuwa mapato yake yalikuwa yameshuka, na faini ikapunguzwa sana. Alilalamika, lakini alilalamika kwa kuingia mlangoni, si kwa kuruka ukuta.

Hata sheria iliyo mbaya yenyewe ina njia yake ya kupingwa. Wazee wetu walitiwa kipande shingoni katika miaka ya ukoloni, na hakuna atakayesema kuwa sheria ile ilistahili heshima. Gandhi, aliyekuwa mgeni katika Afrika Kusini, aliikataa sheria ya kuwaandikisha watu wa Asia kwa sababu iliwavunjia utu wao. Lakini tazama jinsi alivyoikataa. Januari 1908 alisimama mbele ya hakimu mjini Johannesburg, akakiri kuwa amekataa kuitii, akaenda gerezani. Hakutoroka usiku. Yeye avunjaye sheria kwa ajili ya haki hutaka aonwe. Yeye aivunjaye kwa ajili ya faida yake hutaka asionwe. Kwa kipimo hicho nilijipima, nikajiona nimo katika kundi la pili. Mimi sikuwa na utu wa kutetea pale kijijini. Nalikuwa na dakika tatu tu za kuokoa.

Na ile chai aliyonishauri rafiki yangu? Hiyo ni mbaya kuliko kutoroka. Mwenye kutoroka humnyima mwenyeji haki yake. Mwenye kutoa rushwa hunyima haki na kumharibu mtu aliyewekwa kuilinda. Faini huingia katika hazina ya watu wote, na hutujia na stakabadhi. Rushwa huingia katika mfuko wa mmoja, na mtoto avukaye barabara haachiwi kitu ila askari aliyejifunza kufumba macho.

Asubuhi ya siku ya pili nililipa. Sitasema kuwa nililipa kwa furaha. Nilizihesabu shilingi zile kwa uchungu, nikafikiri vitu ambavyo zingeweza kununua. Rafiki yangu alisema nimetupa fedha kisimani. Lakini wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, nami niliona kuwa dawa ile, ijapokuwa chungu, huponya upesi. Nilipomrudishia shemeji ufunguo wa gari nilimpa na stakabadhi, nikamweleza kosa langu. Aliisoma, akaikunja, akaitia katika kisanduku cha gari. "Ahsante, shemeji," alisema. "Ningekutana nayo huko." Hakuongeza neno, nami sikuhitaji jingine.

Katika safari ya kurudi tulipita kijiji kile kile. Nilikwenda 50. Wavulana wawili walisimama kando ya njia na ng'ombe wao, wakangoja, kisha mmoja akanyosha fimbo kuniomba nafasi. Nilisimama, ng'ombe wakapita polepole kama kwamba barabara ni yao. Na kweli ni yao kuliko yangu.

Baadhi yenu, vijana, mtaendesha magari katika nchi za watu. Wengine mtakwenda kusoma Ulaya au Marekani, wengine kufanya kazi katika nchi za Ghuba, wengine kufanya biashara Kampala, Kigali au Lubumbashi. Siku moja mtashika mkononi karatasi ndogo ambayo mwaweza kuitupa bila ya mtu kujua. Hapatakuwa na mwalimu pale, wala mzazi, wala pengine askari. Isomeni vema. Kama si ya haki, ipingeni mchana. Kama ni ya haki, ilipeni, kisha mtazame nyuma mahali mlipopita, mwone ni nani aliyekuwa akitaka kuvuka.